Semeli inayovutwa juu: msingi wa vwali katika mji wa milima

Mhandisi anapofundishwa msingi kwa mara ya kwanza, hufundishwa kitu kinachobeba. Uzito wa jengo unashuka kwa nguzo, nguzo inaukabidhi kwa semeli, yaani kitako cha zege kilicho chini yake ardhini, semeli inautandaza juu ya udongo, na hesabu yote inaishia kwenye swali moja: je, udongo huu utavumilia? Swali hilo linatosha kwa nyumba ya chini au ya ghorofa moja. Halitoshi hata kidogo chini ya vwali, yaani ule ukuta wa zege, au betoni kama tunavyoiita huku kwetu, wenye vyuma ndani yake na unaopanda mfululizo kutoka msingini hadi paani ili kulizuia jengo lisilale ardhi inapotikisika. Chini ya ukuta huo, upande mmoja wa semeli hukandamizwa kwa nguvu kubwa kuliko kawaida, na upande wa pili huvutwa juu. Upande huo wa pili ndio ninaouandikia, kwa sababu ndio ninaoukuta umesahauliwa katika michoro mingi ninayoletewa niipitie hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo.

Mji wetu umekaa kwenye tawi la magharibi la Bonde la Ufa, na Ziwa Kivu lenyewe limelala ndani ya ufa huo. Tarehe 24 Oktoba 2002 tetemeko la ukubwa wa 6.2 lilitikisa upande wa Kalehe. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, asubuhi, lilikuja la 5.9 karibu kabisa na Bukavu, likabomoa nyumba huku kwetu na kuua watu, wengi wao ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Rwanda. Tangu wakati huo majengo yetu yamerefuka. Nyawera, Nguba, na kandokando ya barabara ya Lumumba, viwanja vilivyokuwa na nyumba ya chini sasa vina majengo ya ngazi tano au sita, yaani ghorofa, na mara nyingi sehemu ya kupandia au lifti imezungushiwa kuta za betoni. Hilo ni jambo jema na ninalifurahia. Ila tumeupokea ukuta bila kuupokea mguu wake: vwali inachorwa vizuri, vyuma vyake vinahesabiwa, halafu chini yake inawekwa semeli ileile ambayo ingewekwa chini ya ukuta wa matofali.

Tuangalie kwanza nguvu inavyofika chini. Tetemeko halilisukumi jengo kutoka nje. Ardhi ndiyo inayohama chini yake, na kila sakafu, kwa kuwa ni nzito, inakataa kuifuata mara moja. Ukataaji huo ndio nguvu ya mlalo. Sakafu huipeleka kwenye kitu kigumu zaidi kilicho karibu, na kwa kuwa vwali ni ngumu mara nyingi kuliko nguzo, karibu nguvu zote huishia kwake. Ikifika chini, vwali inakuwa na mambo mawili: nguvu inayotaka kuusogeza msingi kando, na momenti, yaani nguvu mara umbali wake, inayotaka kuipindua. Momenti hiyo haiwezi kuingia ardhini isipokuwa kwa njia ya jozi, yaani msukumo kwenda chini upande mmoja na mvuto kwenda juu upande mwingine. Kinachopunguza mvuto ni uzito unaoikalia vwali. Uzito ukiwa mwingi na ukuta ukiwa mrefu kwa mlalo, mvuto hupotea wenyewe; uzito ukiwa mdogo, mvuto hubaki, na lazima kuwe na kitu cha kuushika.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho. Chukua jengo la ngazi tano, kila ngazi mita 3, na ndani yake vwali ya urefu wa mita 4 kwa mlalo na unene wa sentimita 20. Tuseme kwamba, baada ya kugawa nguvu ya tetemeko kati ya kuta zote, vwali hii imepata kilonyutoni 200 (kilonyutoni 10 ni karibu uzito wa tani moja). Nambari hiyo ni ya mfano. Ya kwako itatoka kwenye uzito wa jengo lako, aina ya udongo wako na kanuni unayoifuata. Kwa sababu sakafu za juu huyumba zaidi kuliko za chini, jumla ya nguvu haikai katikati ya kimo cha jengo. Ikiwa sakafu zote tano zina uzito sawa na nguvu imegawanywa kulingana na kimo cha kila moja, jumla yake hukaa mita 11 kutoka ardhini, si 7.5. Momenti kwenye usawa wa ardhi ni 200 mara 11, yaani kilonyutoni-mita 2,200. Uso wa chini wa semeli ukiwa mita 1.5 ndani ya ardhi, momenti inaongezeka hadi 2,500, na nyongeza hiyo si ya kupuuzwa, ingawa wengi huisahau kwa sababu programu ya kompyuta huishia pale ukuta unapogusa msingi.

Sasa uzito. Vwali yenyewe, kwa kilonyutoni 25 kwa kila mita ya ujazo wa betoni, ina 300. Kama inabeba mita za mraba 12 za sakafu katika kila ngazi, kwa kilonyutoni 5 za uzito wa kudumu kwa mita ya mraba, tunapata 300 nyingine. Jumla ni 600. Watu, samani na mizigo ya duka havimo, na visiwemo, maana tetemeko linaweza kuja usiku duka likiwa tupu. Tena ule uzito wa kudumu wenyewe haufai kuhesabiwa wote. Kanuni za Marekani huuzidisha kwa 0.9 pale unaposaidia kupinga tetemeko, na Eurocode, yaani kanuni za Ulaya, hutumia 0.9 hiyohiyo katika uhakiki wa kawaida wa mizani ya jengo. Mimi huitumia kila mara, kwa kuwa najua jinsi unene wa sakafu unavyopungua kati ya mchoro na shantie, yaani mahali pa ujenzi. Tunabaki na 540.

Gawanya 2,200 kwa 540: nguvu ya jumla inaangukia mita 4.07 kutoka katikati ya ukuta, wakati nusu ya ukuta ni mita 2 tu. Maana yake ni kwamba vwali hii, ikiachiwa uzito wake peke yake, inapinduka. Vyuma vya pembeni ndivyo vitakavyoishika. Tukichukua umbali wa mita 3.4 kati ya vyuma vinavyovutwa na eneo linalokandamizwa, mvuto ni 2,200 gawanya kwa 3.4, toa nusu ya 540, sawa na kilonyutoni 377 hivi. Hizo ni kama tani 38 zinazovuta kwenda juu kwenye ncha ya ukuta mmoja. Kwa chuma cha FeE400 (chenye nguvu ya megapaskali 400), ambacho BAEL 91, kanuni ya Kifaransa ya betoni yenye vyuma, hukihesabia megapaskali 348, zinahitajika karibu sentimita za mraba 11, na vyuma 6 vya milimita 16 vinatosha. Hadi hapa wahandisi wengi wanafika. Nisichokiona mara nyingi ni swali linalofuata: hizo tani 38 zikishafika kwenye semeli, zinakwenda wapi?

Jaribu semeli ya peke yake, mita 6 kwa 2, unene sentimita 60. Ina kilonyutoni 180. Udongo ulio juu yake, unene wa sentimita 90, kwa kilonyutoni 17 kwa mita ya ujazo, unaongeza 171, na kipande cha ukuta kilichozama ardhini kinaongeza 18. Pamoja na zile 600, jumla ni 969, na baada ya kuzidisha kwa 0.9 ni 872. Momenti ya 2,500 gawanya kwa 872 inatoa mita 2.87, na nusu ya semeli ni mita 3. Mtu anayetazama upinduaji tu atasema inatosha, kwa kuwa nguvu bado iko ndani ya semeli. Lakini kwa umbali huo, semeli imenyanyuka karibu yote, na kinachogusa udongo ni ukingo wa sentimita 40 tu. Shinikizo kwenye ukingo huo linakaribia kilopaskali 2,200, yaani kilonyutoni 2,200 kwa mita ya mraba, wakati udongo wetu mwekundu wa mfinyanzi, ukiwa mkavu na mzuri, mhandisi mwangalifu huupa 150 au 200. Udongo utapondeka kabla semeli haijapinduka, na kupondeka kwake ndiko kutakakoipindua.

Kisha ondoa zile 171 za udongo wa juu. Nguvu inahamia mita 3.48, nje ya semeli. Jengo lote lilikuwa limesimama kwa udongo wa juu.

Hapa ningependa kukaa kidogo, kwa sababu ndipo milima yetu inapotofautiana na vitabu. Vitabu vinaruhusu kuhesabu udongo ulio juu ya semeli, na baadhi yake huruhusu hata kuongeza ule unaopanuka pembeni kwa mteremko, kana kwamba semeli ikinyanyuka inabeba faneli nzima ya ardhi. Kwenye uwanda tulivu hilo lina mantiki. Lakini kiwanja cha Kadutu au cha mteremko wa Ibanda, hapa mjini kwetu, ni kidato kilichochongwa mlimani: upande wa juu umekatwa, upande wa chini umejazwa kwa udongo uleule uliokatwa, mara nyingi bila kushindiliwa kwa tabaka. Upande uliojazwa una uzito mdogo na hauna mshikamano. Mvua inayoanza Septemba na kwenda hadi Mei inauchukua kidogo kidogo, hasa pale maji ya paa yanapoachiwa bila mfereji. Halafu jirani wa chini ananunua kiwanja chake, anataka naye ngazi tano, na anachimba wima hadi mpakani. Hana hatia, anachimba kwake. Lakini udongo uliouandika kwenye hesabu zako kama uzito wa kudumu umeondoka kwa lori, na hakuna aliyekupigia simu. Kwa hiyo kanuni yangu ni kwamba udongo wa juu ya semeli hauhesabiwi kamwe upande wa mpaka wala upande wa bonde. Upande wa ndani ya kiwanja, chini ya sakafu ya betoni ya jengo lenyewe, ninauhesabu ule uliosimama wima juu ya semeli tu, bila faneli.

Hali hiyohiyo inauhusu msingi wa mawe. Mafundi wetu ni hodari wa kujenga msingi wa mawe kwa saruji, na chini ya nyumba ya kawaida sina neno nao. Una uzito mkubwa, na wengine huona uzito huo kuwa dawa ya mvuto. Lakini jiwe halimshiki jirani yake likivutwa; kiungo cha saruji hufunguka, na vyuma vya vwali vitanyanyua longrini, yaani boriti ya betoni iliyo juu ya mawe, na kuyaacha mawe chini. Ukitaka uzito wa mawe ukusaidie, lazima betoni yenye vyuma ipite chini yake na kuyabeba, na ukishafanya hivyo umekwisha kujenga semeli.

Tatizo lingine linaanza kwa mchoraji wa nyumba. Vwali humnyima dirisha na mlango, kwa hiyo anaisukuma pembeni, kwenye ukuta wa mpaka, ambako hakuna sakafu nyingi za kuikalia. Huko inakosa mambo matatu kwa pamoja: uzito wa jengo, nafasi ya kupanua semeli, na udongo wa kuaminika. Mimi hujadiliana na wachoraji mapema kadiri ninavyoweza, kabla mwenye kiwanja hajaipenda picha. Vwali iliyokaa ndani, ikibeba sakafu kutoka pande zote mbili, inaweza kuhitaji nusu ya msingi ambao vwali ileile ingehitaji mpakani. Hakuna chuma cha bei nafuu kuliko mstari uliohamishwa kwenye karatasi.

Turudi kwenye mfano. Kama semeli ya peke yake haitoshi, uzito utafutwe mahali ulipo, na katika jengo la ngazi tano uzito uko kwenye nguzo. Tuseme upande huu na ule wa vwali, mita 4 kutoka katikati yake, kuna nguzo mbili, kila moja ikileta kilonyutoni 450 za uzito wa kudumu. Badala ya semeli tatu zilizotengana, mwaga moja ya mita 10 kwa 2, unene sentimita 80, inayozishika zote. Yenyewe ina 400; ongeza nguzo 900, vwali 600 na kipande kilichozama 14, jumla 1,914, na baada ya 0.9 ni karibu 1,723, bila chembe ya udongo wa juu. Momenti ya 2,500 sasa inaisogeza nguvu mita 1.45 tu kutoka katikati. Theluthi ya kati ya semeli inaishia mita 1.67 kutoka katikati, na nguvu ikikaa ndani yake hakuna upande unaonyanyuka, kwa hiyo uso wote wa chini unabaki umegusa ardhi: upande mmoja shinikizo ni karibu kilopaskali 160, upande mwingine linashuka hadi 11. Ukitumia uzito wote bila kupunguza, upande mzito unafika 170. Udongo mzuri unabeba hilo. Betoni imeongezeka kutoka mita za ujazo 7.2 hadi 16, lakini semeli mbili za nguzo zimeondoka, na ardhi imeacha kuombwa jambo isiloliweza.

Hata hivyo, semeli hiyo ndefu sasa inafanya kazi ambayo semeli ya kawaida haifanyi. Fundi mkuu mmoja wa hapa, mtu mzima aliyefundisha vijana wengi kazi, aliniuliza mbele ya shimo lililo wazi: «Injinia, udongo unasukuma kutoka chini. Semeli inapinda kwenda juu, inapasuka chini. Sasa vyuma hivi vyote vya juu ni vya nini?» Nilimjibu: «Mzee, unasema kweli kwa siku zote isipokuwa ile moja.» Swali lake ni zuri kuliko mengi niliyoulizwa na wenye diploma, na jibu lake ndilo kiini cha kazi hii.

Siku ya tetemeko, ncha ya vwali inavuta semeli juu. Nguzo ya pembeni, iliyo mita 2 nje ya ncha hiyo, inaikandamiza chini kwa 405, yaani 450 mara 0.9. Kati ya hizo mbili, semeli inapinda kama boriti iliyokamatwa upande mmoja na kulemewa upande mwingine: uso wa juu unavutika, na ukivutika bila vyuma unapasuka. Hesabu yake ni hii. Nguzo inatoa 405 mara 2, sawa na 810. Uzito wa semeli yenyewe katika mita 3 za nje unaongeza 162. Udongo wa chini, ambao upande huu unasukuma kidogo, unarudisha 234. Momenti inayobaki ni karibu kilonyutoni-mita 740, yote ikivuta uso wa juu, na kwa kina cha kazi (kutoka vyuma hivyo hadi uso wa chini wa semeli) cha sentimita 72 inadai karibu sentimita za mraba 33 za chuma, yaani vyuma 11 vya milimita 20. Upande wa pili, unaokandamizwa, udongo unashinda nguzo kwa karibu 340 tu, na vyuma vya chini vinavyohitajika huko havifiki nusu ya vile vya juu. Na kwa kuwa tetemeko huenda na kurudi, kila ncha itapitia hali zote mbili, hivyo vyuma vya juu vinapita kutoka mwisho hadi mwisho.

Kwa hiyo katika semeli ya namna hii vyuma vya juu ni vingi kuliko vya chini. Nikiona mchoro wa msingi wa vwali wenye wavu mmoja tu wa vyuma chini, nairudisha kazi nzima bila kusoma zaidi, kwa sababu aliyeichora hakuuliza mvuto unakwenda wapi.

Baada ya hapo ni suala la vyuma vya kungojea, vile vinavyoinuka kutoka semeli vikisubiri ukuta. Chini ya nguzo inayokandamizwa, kosa la sentimita kumi katika urefu wao huenda lisionekane milele. Chini ya vwali vinavutwa kweli, na urefu wao ndani ya betoni ndio unaovishika. Kwa chuma cha FeE400, BAEL huruhusu kuhesabu kipenyo mara 40: milimita 16 inahitaji sentimita 64, na milimita 20 inahitaji 80. Semeli yetu ya sentimita 80, baada ya kutoa kifuniko cha betoni na vyuma vya chini, inabakiza karibu 70. Chuma cha 16 kinaingia. Cha 20 hakiingii bila kukunjwa. Mara nyingi unene wa semeli huamuliwa na urefu huu kuliko na momenti, na ndiyo sababu ninapendelea vyuma vingi vyembamba badala ya vichache vinene. Vyote vifike chini kabisa na mkunjo wao ukae juu ya wavu wa chini. Vikiishia katikati ya unene, vitang'oa tabaka la juu la betoni na kuondoka nalo.

Kuna tabia moja ya ukarimu inayoleta hatari. Mwenye nyumba ana chuma kilichobaki, au fundi anaona vyuma 6 pembeni mwa ukuta ni haba, basi vinaongezwa vinne «kwa usalama». Katika nguzo ya kawaida nyongeza hiyo haidhuru. Katika vwali inabadilisha mpangilio wa jengo zima. Kusudi la hesabu ni kwamba tetemeko likizidi kipimo, vyuma vya chini ya ukuta ndivyo vinavyoanza kuvutika, polepole na mahali panapoonekana na kutengenezeka, huku msingi ukibaki mzima. Ukiuimarisha ukuta bila kuuimarisha msingi, umehamisha udhaifu hadi chini ya ardhi, ambako hakuna atakayeuona baadaye. Eurocode 8, ile sehemu inayohusu matetemeko, inataka msingi upimwe kwa nguvu ambayo ukuta uliojengwa unaweza kuutolea, wala si kwa ile ya hesabu ya kwanza peke yake, na kwangu hiyo ni mojawapo ya kanuni za busara zaidi zilizoandikwa kuhusu jambo hili. Anayeongeza vyuma ukutani anirudishie karatasi kwanza.

Wapo wanaopinga, na hoja yao ina uzito. Wanasema semeli kunyanyuka kidogo si msiba: jengo linaegemea, linarudi, na katika kufanya hivyo linapokea nguvu ndogo. Ni kweli, na kanuni za Marekani huruhusu kupunguza momenti ya upinduaji kwenye uso wa udongo kwa asilimia 25 kwa njia rahisi ya hesabu, kwa masharti yake. Lakini mtikiso huo wa kuegemea na kurudi unahitaji udongo usiopondeka ukingoni. Kwenye mfinyanzi wetu uliolowa kila kurudi kutaacha ukingo umezama zaidi, na jengo halitarudi pale lilipokuwa. Ningeukubali mpango huo juu ya mwamba, siyo juu ya jazo la Kadutu.

Mwamba unanipeleka Goma kwa haraka. Wenzetu wa kule wana tatizo kinyume na letu: lava iliyopita mjini Januari 2002, na ile ya zamani zaidi chini yake, haichimbiki kwa jembe, kwa hiyo misingi yao ni mifupi na haina udongo wa kuihesabia uzito hata wangetaka. Huko njia ya asili ni kutoboa mwamba, kuingiza vyuma na kuvijazia uji wa saruji, ili mwamba wenyewe uwe uzito. Sharti lake ni kujua unatoboa nini, maana lava ngumu ya juu inaweza kuwa imelalia tabaka la changarawe jepesi au uwazi. Chuma kilichoshikwa na ganda jembamba kina uzito wa ganda hilo tu. Vyuma vya majaribio vivutwe kwa jeki kabla ya kuviamini, na visivyovutwa visihesabiwe.

Kwa wanaojenga karibu na ziwa, Nguba na kwenye rasi, neno moja: maji yakifika kwenye semeli, kila mita ya ujazo ya betoni iliyozama inapoteza kilonyutoni 10 kati ya 25 zake, na udongo unapoteza karibu nusu ya uzito wake. Hesabu ifanywe kwa kimo cha maji cha mwisho wa mvua, siyo cha Julai ulipochimba.

Mwisho ni siku ya kumwaga, ambayo inaweza kuharibu yote yaliyotangulia ndani ya saa moja. Shimo limesafishwa, betoni ya usafi, lile tabaka jembamba la kutandikia, imelazwa, vyuma vimefungwa, halafu vijana kumi wenye karai wanaanza kutembea juu ya wavu wa juu, kwa sababu hakuna pengine pa kukanyaga. Wavu unashuka. Ukishuka kutoka sentimita 72 hadi 45 za kina cha kazi, nguvu yake inashuka hadi karibu asilimia 62, na betoni ikishaufunika hakuna atakayejua. Kwa hiyo ninadai viti vya chuma cha milimita 14, vilivyokunjwa hapohapo shantieni, kila mita moja kwa pande zote, vikikaa juu ya wavu wa chini na kufungwa kwa waya. Ninadai mbao za kupitia zilizoegemea kingo za shimo badala ya vyuma. Na fundi mmoja asiye na kazi nyingine asimame na kijiti chenye alama, akipima kina cha vyuma vya juu kila betoni inaposogea mbele. Kazi ikianza bila mtu huyo, ninaisimamisha hadi apatikane.